Mama wa Sahani wa Bandari ya Kalemie

Mtu wa kwanza kuniita mwizi wa watoto mbele ya bandari nzima ya Kalemie alikuwa ameniwekea chakula cha bure. Mimi, mwenye boti! Wakati ule nilikuwa na boti moja tu, leo ninazo tatu, na hiyo ya tatu ina moteri mbili, lakini hata kwa ile moja nilikuwa nimeshajulikana kutoka hapa mpaka Moba. Nilikuwa ninampeleka binti wa marehemu kaka yangu kwa masista wa Moba akasome. Tumekaa juu ya magunia tunangoja mizigo ipakiwe, mara mama mmoja mrefu, mkavu kama samaki wa moshi, akaweka mbele yetu sahani moja ya ugali na kipande cha samaki.

"Kuleni," akasema, akarudi kwenye jiko lake.

Sikuwa nimeagiza, lakini nani anakataa ugali? Nikanawa, nikala. Mtoto hakugusa. Kwetu binti hali sahani moja na baba yake mdogo. Anangoja, anakula na wanawake. Ndivyo tulivyolelewa. Nilikuwa nimefika katikati ya samaki niliposikia sauti nyuma yangu.

"Huyu mutoto njo nani yako?"

"Njo mutoto wangu."

"Mutoto wako anakuogopa?"

"Haniogope. Ananiheshimu."

"Aa-a. Simama, papa. Wee Kaseke! Kuya, mushike huyu!"

Kaseke alikuwa mkubwa wa wabeba mizigo, shingo yake kama ya ng'ombe dume. Alinilaza chini, akanikalia mgongoni, akaendelea kutafuna muwa wake. Nikapiga kelele kwamba boti ile pale ni yangu, kwamba nikitaka naweza kuwalisha wote waliosimama pale. "Wote wanasemaka vile," Kaseke akanijibu. Ikabidi mtu aende kumwita mke wangu nyumbani. Akaja, akaniona chini ya Kaseke, na badala ya kunitetea akacheka mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani.

Yule mama hakuniomba msamaha, siku ile wala baadaye. Alimwambia mke wangu tu, "Mufundishe bwana yako kula na watoto." Halafu akamwita binti pembeni, akampa sahani yake peke yake, na mtoto akala mpaka akalamba vidole.

Huyo ndiye Mama wa Sahani. Nimemjua miaka yangu yote ya kupanda, tangu nilipokuwa na boti moja ya kupitisha maji mpaka nilipokuwa mtu wa kuamkiwa na wakubwa. Shule niliiacha nikiwa bado mdogo, sijui kuandika kwa kupamba, lakini huyu mama nitamwandika, kwa sababu wenye shule wa mji huu hawajamwandika.

Kwanza muelewe kwa nini sahani. Huku kwetu pwani ya ziwa Tanganyika mtoto ana mama wengi. Dada mdogo wa mama yako ni mama yako, na yeyote wa ukoo wa mama yako anaweza kufika siku moja na kusema, nimejifungua, nipeni mtoto mmoja anishikie huyu mchanga. Akitaja majina ya wazee kwa mpangilio wake, utamkatalia vipi? Kumkatalia ni kumwambia mbele ya watu kwamba si ndugu. Heri umtemee mate. Basi wale wezi wa watoto walilijua jambo hilo kuliko sisi wenyewe. Kitu cha kwanza walichojifunza kilikuwa ukoo. Walikwenda Zongwe, walikwenda milimani kwa watu wa Moba, wamevaa kitenge kipya, wamebeba sabuni na chumvi, wanalia kwanza kwa ajili ya babu aliyekufa zamani, ndipo wanaomba mtoto. Wavulana waliishia kwenye kambi za wavuvi au huko Manono kwenye mashimo ya bati. Wasichana walivushwa ng'ambo, wakawekwa kwenye majumba ya watu na nyuma ya vilabu vya pombe. Kijijini wazazi wanasema mtoto wetu anasoma Kalemie. Hapa Kalemie tunamwona anapita na mama yake mdogo. Nani atashtuka?

Yeye alishtuka. Sijui nani alimfundisha. Alianza kuweka sahani moja mbele ya kila mtu mzima aliyesafiri na mtoto, bure, na yeye anakaa kwenye kigoda chake anaangalia mikono. Si nyuso. "Uso wanaufundisha njiani," aliniambia. "Mukono hawana nafasi ya kuufundisha." Mtoto anayemjua mtu wake ananyoosha mkono bila kuuliza, tena anagombania mkia. Mtoto asiyemjua anangoja aambiwe. Na mama wa kweli anajua nyumba yao ina mwiko gani. Siku zingine alikuwa anaweka kambale makusudi kwa sababu nyumba nyingi za huku hazili kambale, halafu anasikiliza nani atasema, huyu kambale haturuhusiwi. Yule aliyemwambia mtoto, kula haraka tutachelewa boti, huyo alikuwa anasogezewa Kaseke.

Tusidanganyane, hakuwa na dawa ya kila kitu. Mimi alinikamata bure. Alimkamata pia bibi wa mwalimu mmoja, mwanamke wa watu aliyezoea kula kwa kijiko, na mtoto wa dada yake hakuwahi kuona mambo ya kijiko. Ikawa aibu mji mzima. Walimchukia wengi. Na chakula chenyewe, jamani! Ugali wake ulikuwa mgumu, ukiuangusha unasikia. Alikuwa mchoyo kwa wateja wa kulipa. Samaki mmoja alimkata vipande mpaka ukajiuliza kama samaki huyo aliwahi kuogelea. Ukilalamika anakwambia, "Nenda kule kwa bibi yako, kule kuko kichwa na mukia."

Lakini wabeba mizigo walimkubali. Kaseke alitoa amri, mzigo wa mtu mwenye mtoto haunyanyuliwi kama hajakula kwa Mama. Na wenye boti je? Hapo muniachie sifa yangu. Niliwaita wote kwangu, nikawachinjia mbuzi, nikawaambia: mtoto asiyekula hapandi, na atakayempandisha asahau kuazima moteri yangu. Wote waliwahi kuazima moteri yangu. Wakakubali. Hatukuwa na ofisi, hatukuwa na muhuri wala karatasi.

Mkubwa wa bandari wa wakati ule alikuja siku moja katika abakosti yake, lile koti la wakubwa lisilo na tai, limepigwa pasi, akasimama mbele ya jiko, akamwita raia kama serikali ilivyotuamuru tuitane.

"Sitwayeni, nani alikupa ruhusa ya kuuliza wasafiri maswali hapa?"

"Siulize maswali, papa. Ninalisha."

"Unalisha bure?"

"Na wewe unataka?"

Watu wakaangua kicheko. Yule bwana akatazama ule ugali, akaondoka. Sijawahi kumwona mtu wa serikali anaondoka haraka hivyo.

Alikuwa anavuta tumbako ya puani na kupiga chafya katikati ya sala, kila Jumapili, padri akafika mahali pa kumngoja amalize ndipo aendelee. Asubuhi za salongo, ile kazi ya bure ya serikali, sisi wote tumeshika majembe na fagio kwa amri, yeye alikuwa anafagia mita mbili zake tu mbele ya jiko, na akimaliza anazifagia tena. Na maji aliyaogopa. Mtu aliyekaa bandarini maisha yake, wakati ule hajawahi kuweka mguu ndani ya boti! Nikimwalika anasema, "Mimi nipande mbao zako? Zile zinalia hata zikiwa zimesimama." Ndiyo maana aliniita Patroni wa Mbao. Hakuna mwingine aliyethubutu kuniita hivyo.

Sasa wale waliorudi. Kwa sababu walirudi wengine, wamechomoka, au mwenye boti mmoja amewaokota. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya daraja la Lukuga, chumba na sebule, na nyuma tanuri la kukaushia samaki. Waliingia pale kwanza. Nilitegemea atawakumbatia, kumbe hata. Aliwapa kisu na karai la samaki, akawaonyesha mahali pa kukaa. Hakumuuliza hata mmoja alitendewa nini. Majirani walipokuja na macho yao ya huruma, kumbe wanatafuta habari, aliwafukuza kwa mwiko wa ugali. "Mumekuja kula nini? Hapa kuna samaki tu."

Wasichana wengi walirudi hawana sauti. Wanajibu kwa kichwa, wakisema unasogeza sikio. Hao ndio aliowapa kazi ya kuita wateja. Ninamkumbuka mmoja, Mauwa, alisimama mbele ya jiko akanong'ona, "Ugali moto." Mama akamwambia, "Nani amekufa? Ita!" Akaita kidogo. "Kaseke amesikia?" Kaseke, upande wa pili wa magunia, akajibu, "Sijasikia kitu!" Na alikuwa amesikia, yule jambazi. Ikaendelea hivyo siku na siku, mpaka asubuhi moja Mauwa akapaza sauti, "Ugali moto, kuyeni mule, wee Kaseke kiziwi!" na bandari yote ikageuka. Mama hakumsifu. Alimwambia, "Sawa. Sasa gombana naye juu ya deni la jana." Alitaka wagombane. Wagombane juu ya mikia ya samaki, juu ya foleni, juu ya chochote. Nilimwambia ni mkali sana kwa watoto walioteseka. Akaniangalia. "Patroni, kule walikotoka hawakuwa na ruhusa ya kukasirika."

Katika wote hao kuna mmoja aliyemwachia Mama mwenyewe jeraha. Aliitwa Feza, mtoto wa Zongwe.

Feza alipita kwenye sahani. Mama alimlisha yeye na mwanamke aliyemchukua, akaangalia mikono, akawaachia. Kwa sababu yule mwanamke hakuwa mjinga kama wengine. Alikaa Zongwe muda mrefu, akala na mtoto kila siku, akajua mwiko wa nyumba. "Alimutolea miiba," Mama aliniambia siku habari ilipofika kwamba Feza haonekani Kalemie yote. Hakuwa analia. Alikuwa anaonyesha kwa vidole. "Mbele yangu. Muiba mumoja mumoja, anaweka pembeni, nyama anamupatia mutoto. Mama gani wa kuzaa anafanya vile?" Tangu siku hiyo aliendelea na sahani zake, lakini alikuwa anamwekea mtu ya pili, halafu ya tatu, na bado haridhiki. Watu walikosa boti kwa ajili ya kushiba.

Miaka ilipita. Feza aliondoka mtoto wa kuchezea mchanga. Siku nilipomwona alikuwa msichana mkubwa, amesimama ufukweni ng'ambo kule, upande wa Tanzania, kusini ya Kigoma, ameshika ndoo. Mimi niko na mtu wangu wa moteri tunagombana juu ya mafuta, yeye akasogea akasikiliza lugha yetu. Akaniuliza polepole, "Papa, uko mutu wa Kalemie?" Nikamwambia, mimi si mtu wa Kalemie, mimi ndiye Kalemie. Hakucheka. Aliweka ndoo chini, akaingia ndani ya boti, akakaa. Hakuwa na mzigo wowote. Mwenye klabu akaja anakimbia na watu wake wawili, anapiga kelele kwamba huyo ni mfanyakazi wake. Nilimwambia aingie majini kumchukua. Nilikuwa na kasia mkononi, na wakati huo mikono yangu ilikuwa mikono. Hakuingia. Tukawasha moteri.

Mama wa Sahani alipomwona alimtambua kabla hajataja jina. Alisimama kutoka kwenye kigoda, akakaa tena. Feza alikaa kwake muda, akajifunza kuita wateja na kugombana na Kaseke kama wengine. Lakini kila jioni aliuliza jambo moja: lini nitaenda kwetu? Mama akanifuata.

"Patroni, mbao zako zinafika Zongwe?"

"Zinafika mpaka Zambia, Mama."

"Nimekuuliza Zongwe."

Alipanda. Alijilaza chini kabisa katikati ya magunia, kitenge juu ya kichwa, na njia nzima alikuwa anasali Salamu Maria na kunitukana mimi, kwa zamu. Feza alikaa mbele kabisa, hakugeuka nyuma hata mara moja.

Zongwe, mama mzazi alitoka jikoni mbio, unga mikononi, analia jina la Mungu. Amebaki hatua chache kumfikia, akasimama. Kama mtu aliyeshikwa kamba. Nyuma yake akatoka baba, mvuvi mpole, sindano ya kutengenezea nyavu bado iko kwenye vidole. Na pembeni ya nyumba mtoto mdogo wa kike, tumbo nje, anatukodolea macho. Mtu akamwita arudi ndani: "Feza! Kuya huku!"

Wote wawili waligeuka. Mkubwa na mdogo.

Hapo ndipo nilipoelewa, na Mama aliyekuwa bado anatapika pembeni ya boti akaelewa pia. Walikuwa wamemlilia. Habari ya kufa kwake ilifika, sijui ilianzia wapi, wakakaa matanga, wakanyoa nywele. Alipozaliwa mtoto mwingine wakamrithisha jina. Mtu asiyetoka kwetu hataelewa. Kumpa mtoto jina la mtu aliye hai si kitu, wanaitana majina na kucheka, wanapeana kuku. Lakini jina lililorithishwa baada ya kilio, maji yakamwagwa, wazee wakasema, hilo si jina tena, ni mtu mwenyewe amerudi. Mtu mmoja hawezi kukaa ndani ya nyumba moja mara mbili. Mmoja atakufa.

"Hatumukatae, Mama," baba akasema. "Angalia. Yule ni mutoto wangu, na huyu ni mutoto wangu. Nikimuingiza huyu, ninamuua yule. Uniambie wewe, nichague nani?"

"Muondolee mudogo lile jina."

"Linaondolewa namna gani? Ni nguo?"

Wazee wakaitwa. Wakazungumza mpaka jua likawa kichwani, wakimaliza wanaanza tena. Feza alikuwa amekaa mchangani karibu na boti, mahali alipoambiwa angoje. Mama yake alikuwa amekaa upande wa pili, mbali kidogo, wanaangaliana. Hakuna aliyevuka.

Ndipo Mama wa Sahani aliposimama, akapiga chafya ya tumbako, akasema, "Basi aingie na jina langu."

Mzee mmoja akamjibu kwa heshima kwamba jina la mtu hai halitoshi. Huyu alishaliliwa. Kwa mila ni marehemu. Anayeingia kwenye nyumba hii aingie kwa kurithi.

"Basi munililie."

"Mama, wewe uko muzima!"

"Na yeye si alikuwa muzima, mukamulilia? Munajua kazi hiyo. Munililie, mumurithishe. Mimi sina mutu wa kunililia kule Kalemie, mutakuwa mumenisaidia."

Nilimvuta kitenge. Nilimwambia, Mama, haya mambo si ya kuchezea. Akanitoa mkono. "Nilimuachia apite," akasema, kwa sauti ya chini, kwangu mimi tu.

Wakamlilia. Nimeona mengi ziwani, sijaona jambo kama lile. Alikaa juu ya mkeka, hai, macho wazi, wakamkata kishungi cha nywele mbele, wakatandaza kitenge chake, na wanawake wakaanza kilio. Walianza kama watu wanaotimiza kazi. Lakini kilio kina njia yake. Mmoja akamkumbuka wake, mwingine wake, na mama yake Feza alilia mpaka akaanguka kifudifudi, na alimlilia nani mimi siwezi kusema. Halafu wazee wakamwaga maji juu ya mikono ya Feza, wakamwita kwa jina jipya. Akaitika. Ndipo mama yake akavuka mchanga, akamshika.

Kurudi, Mama alikaa juu ya ubao wa mbele, wima, mawimbi yanamrushia maji usoni.

"Hauogope tena?"

"Mufu anaogopa nini?" akacheka. Halafu akageuza uso kando, mpaka Kalemie.

Hakulitumia tena lile jina. Kabla ya hapo majirani na watu wa kanisani walimwita kwa jina lake. Tangu siku ile aliyemwita hivyo hakujibiwa. Wakubwa wa serikali ya zone walipokuja kuandikisha watu, kijana wao wa kuandika akamuuliza jina. "Nilitoa," akasema. Kijana akamwambia aache mchezo, serikali haiandiki mtu bila jina. Mama akamwangalia. "Ninyi si mulikuja hapa mukatuvua majina ya ubatizo, eti ni ya wazungu? Mulituuliza? Mimi hili nimejivua mwenyewe, sasa munakasirikia nini?" Sisi sote tuliokuwa kwenye mstari tuliangalia chini. Kijana akaandika Sahani. Liko huko mpaka leo.

Na huko Zongwe? Kila nilipopita nilisimama, na kila niliporudi aliniuliza. Feza wakamtengea chumba kizuri. Anapewa kigoda, anapewa nyama kwanza, maji ya kuoga yanachotwa na wadogo zake. Mwanzoni nilileta habari hizo kwa kiburi, kama mtu aliyejenga nyumba. Mama alikunja uso.

"Wamemugombeza?"

"Nani amugombeze? Wanamuheshimu sana."

"Ndiyo nauliza. Wamemugombeza?"

Sikuelewa mpaka Feza mwenyewe aliponisindikiza ufukweni. Alikuwa amevunja mtungi wa mama yake siku ile, mtungi mzuri, na mama alikuwa amesema tu, hapana neno, mgeni wetu. "Papa," akaniambia, "mudogo wangu akimwaga chumvi anachapwa. Mimi hakuna anayenigombeza." Wala hawakumwita kwa jina. Walimwita "we dada", "we ndugu", kama mtu aliyeomba mahali pa kulala. Ile habari nilimletea Mama nzima, sikuificha. Alikuwa anaparua samaki. Aliendelea kuparua ngozi mpaka ikaisha, akafika kwenye nyama.

Basi kila safari swali likawa hilo moja. Wamemugombeza? Bado, Mama. Bado. Miaka. Kaseke alikufa kifua. Mauwa akaolewa Kabalo, akaondoka na gari la moshi anapiga kelele dirishani kama kawaida yake. Jiko likachukuliwa na wasichana wengine waliorudi, na sahani ikaendelea, na mpaka ninapoandika haya inaendelea. Mama alipokufa tulimzika vizuri, sanduku nililitoa mimi, mbao nzuri kuliko za boti yangu. Lakini kutoka Zongwe hakuja mtu kulia. Wasingeweza. Walikuwa wamekwisha kumlilia.

Nilimwona mara ya mwisho majuma machache kabla ya hapo. Alikuwa amelala sebuleni kwake, amebaki mifupa na yale macho, miguu imevimba. Nilikuwa nimetoka Zongwe moja kwa moja, sikupita hata nyumbani, viatu vina mchanga. Msichana mmoja akanipa kigoda.

"Patroni wa Mbao," akasema.

"Mama, wamemugombeza."

Hakusogea. Nikafikiri hajasikia.

"Sema vizuri."

Nikamwambia. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Feza alianika mihogo akaenda mtoni kuzungumza na wenzake, mbuzi wakaja wakala yote, chakula cha juma zima. Mama yake akatoka ndani akaona. Alisimama, akajishika kichwa, halafu akamwita kwa sauti iliyofika mpaka kwenye boti yangu. Mjinga we! Ulikuwa wapi? Nimekuzaa ili ulishe mbuzi? Leo hauli, lala na njaa! Na Feza amesimama pale mbele ya watu wote, ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika, na mimi nikiwa mbali sikujua kama analia au anacheka.

Mama wa Sahani alifunga macho.

"Alimwita nani?"

"Kwa jina lako."

"Alilipaza?"

"Alilipaza, Mama. Watu wa ziwani walisikia."

Nje msichana wa jiko alikuwa anagombana na mtu juu ya mkia wa samaki. Halafu Mama akaniambia nilitaje, kama yule mama alivyolitaja. Miaka hiyo yote sikuwahi kulitamka mbele yake. Nikasogea kwenye mto wake, nikalipaza.

Alisikiliza kwa makini, kichwa upande, kama mtu anayeletewa habari za mtoto wa watu aliye mbali. Nikaliita tena. Midomo yake ilitulia. Hakuitika.